Siku Alipoacha Kuimba Kisimani

Mume wangu alikuwa na sauti mbaya. Nasema hivyo kwa mapenzi, na yeye mwenyewe hakuwahi kubisha. Lakini akiwa ndani ya kisima, sauti ile mbaya ndiyo iliyokuwa ikinituliza roho. Mtu aliye chini humwoni. Unaona giza, na ndoo inayopanda na kushuka. Kwa hiyo tulifanya kama wanavyofanya Wasukuma wakilima kwa kundi: yeye anaimba chini, mimi naitikia juu. Akinyamaza, natikisa kamba mpaka ajibu. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yetu ya kwanza, na hatukuwa na ya pili.

Visima vyenyewe havikuwa vya kuchimbwa kufuata maji. Mjini Shinyanga mvua ni ya kubahatisha, na wafanyabiashara wa zamani walijenga chini ya nyua zao matangi ya mawe na chokaa, wakaelekeza humo mifereji ya paa. Mdomo mwembamba, tumbo pana, kina cha watu wawili na nusu wakisimama mmoja juu ya mwingine. Watu waliviita visima vya mvua. Mabomba yalipofika mjini vikaachwa, na kila nyumba kongwe ikajipatia jalala lililofichika. Walitupa humo majivu, vigae, viatu vilivyokwisha, na chupa. Hasa chupa.

Na mwanzoni mwa miaka ya themanini chupa ilikuwa mali. Vijana wa leo hucheka nikisema hivyo. Ulikuwa ukienda zahanati na mtoto anayekohoa, dawa ya maji ipo, mganga yupo, lakini kama hukwenda na chupa yako unarudi nyumbani na mtoto wako na kikohozi chake. Mafuta ya taa yalitaka chupa, mafuta ya kula yalitaka chupa, samli na asali hivyo hivyo. Mwanamke mwenye chupa tatu zenye vizibo alitembea kifua mbele pale mtaa wa Kambarage tulipokuwa tukiishi. Mume wangu, ambaye kazi yake ya uashi ilikuwa imelala kwa kukosa saruji, ndiye aliyewaza kwamba chupa hazijapotea duniani, zimefukiwa tu.

Tukawa tunakwenda kwenye nyumba za zamani na kuomba kazi ya kusafisha kisima. Mwenye nyumba anapata kisima chake kitupu, tayari kwa masika. Sisi tunachukua chupa. Zile za kawaida, za bia na soda, tuliziosha kwa majivu na mchanga na kuzipeleka sokoni. Zile kongwe zilikuwa na mteja wake, bibi mmoja wa Kizungu aliyekaa Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, na mumewe. Yeye alizipanga dirishani ili jua lipite ndani yake, basi. Hakuweka kitu humo. Alipozipata alitupatia sabuni, viberiti, mara moja blanketi. Nilimwona kama mtu aliyepungukiwa kidogo, lakini sabuni yake ilitoa povu jingi.

Nilijifunza chupa kama wengine wanavyojifunza ng'ombe. Chupa iliyotengenezwa kwa kupulizwa ina mapovu madogo ndani ya kioo chake, na kitako chake hakikai sawa mezani. Chupa ya bluu yenye mistari ya kukwaruza vidole ilikuwa ya sumu: waliitia mistari ile ili mtu anayepapasa gizani ajue alichoshika. Na kulikuwa na chupa ya gololi. Hiyo ndiyo iliyokuwa mfalme. Kioo kinene cha kijani, shingo iliyominywa, na ndani ya shingo gololi ya kioo iliyokuwa ikiziba soda isitoke. Watoto wa zamani walizivunja zote wapate gololi ya kuchezea. Nzima ilikuwa adimu, na bibi wa Mwadui alikuwa amesema waziwazi kwamba akiona moja atafurahi sana.

Ndiyo maana tulipata homa ya furaha tulipoitwa kwenye nyumba ya bibi mmoja mjane, karibu na soko. Alikuwa Mwislamu wa mjini, mzee, asili ya watu wake ni pwani kwa upande mmoja na Tabora kwa upande mwingine. Alitukaribisha kahawa, akatuambia kwamba baba mkwe wake alikuwa akitengeneza soda uani hapo, kwa mkono, na kwamba chupa zilizopasuka na zisizopasuka zote zilikwenda kisimani siku biashara ilipokufa.

"Chini kabisa," alisema. "Mtazikuta chini kabisa, wanangu."

Siku nne tulitoa taka za juu. Kwa kawaida mdogo wake mume wangu ndiye aliyevuta kamba na mimi niliosha, lakini wiki ile alikuwa ameondoka kwenda Geita kutafuta dhahabu, kama nusu ya vijana wa mtaa wetu. Basi kamba ikawa yangu. Nilikuwa na mtoto wa miezi minne, wa tatu, na mama yangu alikuwa amekuja kutoka upande wa Masumbwe kunisaidia kumlea.

Hapa lazima nieleze jambo. Kwetu mama mkwe na mkwilima, yaani mume wa bintiye, hawazoeani. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawapeani mikono, wakikutana njiani mmoja anaingia porini mwingine apite. Hiyo siyo chuki. Ni heshima, na kadiri wanavyopendana ndivyo wanavyozidi kukimbiana. Mama na mume wangu walipendana sana, kwa hiyo maisha katika vyumba vyetu viwili yalikuwa kichekesho. Mume wangu hakuingia uani bila kukohoa mara tatu, mama akimbilie jikoni. Ingawa walisikiana vizuri kabisa, walisemezana kupitia kwangu.

"Mwulize mama kama amelala vizuri," anasema mume wangu, amegeukia ukuta.

"Mwambie nimelala vizuri," anajibu mama, amegeukia sufuria.

Nami katikati nanyamaza, kwa kuwa wameshasikiana. Wananikasirikia wote wawili kwa kutofikisha ujumbe.

Siku ya tano ilikuwa Ijumaa. Tofauti na siku zilizotangulia, mtoto alikuwa akinyonya kila saa na sikuweza kumwacha nyumbani na mama, tena kamba nayo ilinitaka. Nikasema mama aje naye kwa bibi mwenye nyumba, akae upande wa jikoni, nyuma ya ukuta mfupi wa matofali, mgongo kwa kisima. Mtoto akilia nitakwenda kumnyonyesha. Mama alisita. Mume wangu alisita zaidi. Mimi sina subira na mambo ya kusitasita, nikawaambia mmoja atakuwa chini ya ardhi na mwingine nyuma ya ukuta, heshima gani tena mnayoitaka? Wakakubali. Lakini mume wangu, akiwa amevua shati na kubaki na kaptula ya kazi, aliniambia kwa sauti ya chini:

"Leo siimbi."

Nilijua kwa nini. Nyimbo za kulimia ni za utani, nyingine zina maneno ya chumbani, na nusu ya utamu wake ni hayo maneno. Hakuna mwanamume mwenye akili anayeziimba mama mkwe wake akisikia. Nikamwambia aimbe za kanisani. Akasema hajui hata moja mpaka mwisho, jambo ambalo lilikuwa kweli.

"Nitagonga chupa kwa kijiti," alisema. "Ukisikia ngo, ujue nipo."

Nikakubali. Mpaka leo najiuliza ilikuwaje nikakubali kirahisi hivyo, mimi ninayebishia kila kitu. Nadhani niliona ni jambo la saa mbili tatu. Nadhani pia nilikuwa naiwaza chupa ya gololi.

Asubuhi tulifanya kipimo chetu cha kila siku. Tuliwasha koroboi, tukaishusha kwa kamba mpaka chini. Koroboi ikizimika, hewa ni mbaya, hakuna kushuka. Ikawaka vizuri. Tukaipandisha na kuizima, maana mafuta ya taa yalikuwa ya foleni na hakuna aliyeyachoma bure mchana. Saa za katikati ya siku jua lilipiga moja kwa moja mdomoni mwa kisima na kumpa mwanga wa kutosha, ndiyo maana saa hizo ndizo alizofanya kazi zaidi. Akashuka kwa mti wake wenye ngazi za kuchonga. Kamba ilikuwa moja tu. Hakuifunga kiunoni, kwa kuwa ilitakiwa kwenye ndoo.

Ngo, nikasikia. Ngo.

Alitoa ndoo kumi za udongo mkavu. Kisha akaniita kwa sauti ya kawaida, akasema amefika kwenye ganda gumu, tope la zamani lililokauka kama sakafu. Nikamwambia alivunje polepole, kwa mti, siyo kwa sururu. Chupa za soda zilikuwa chini yake.

Adhana ya mchana ikaita. Wanaume wa mtaa wakapita kuelekea msikitini na vikoi vyao vilivyopigwa pasi, maduka yakafungwa, na barabara ikanyamaza kabisa. Bibi mwenye nyumba aliingia ndani kuswali. Nikasikia ganda likivunjika chini, kisha harufu ikapanda, ya mayai viza, kali, ikanifanya niteme mate pembeni.

Nami nikafurahi. Hilo ndilo jambo linaloniuma. Katika kazi yetu harufu mbaya ilikuwa habari njema. Taka mpya hazinuki namna hiyo, tope la zamani ndilo linalonuka. Kila mara harufu ile ilipotoka, chupa kongwe hazikuwa mbali. Nikainama na kumwuliza:

"Umezifikia?"

"Moja," alijibu. "Nzima. Ngoja." Na baada ya kitambo, "Ina gololi."

Nikapiga kigelegele cha kimyakimya, mkono mdomoni. Akaigonga. Ngo. Sauti nzito ya kioo kinene, tofauti na zile nyingine. Ndoo ikapanda na chupa ya kijani imelala juu ya tope jeusi, gololi ikitikisika shingoni. Niliipeleka kwenye beseni, nikaanza kuiosha, nikaizungusha juani, nikaiosha tena. Maji yalikuwa yakimwagika, mtoto alikuwa akinung'unika, na mimi nilikuwa nimeshafika Mwadui kichwani, naona sabuni na nepi za mtoto.

"Hagongi," alisema mama nyuma ya ukuta.

"Anachimba," nikajibu.

"Hagongi tangu ulipoanza kuosha."

"Mama, acha woga. Unataka agonge chupa au afanye kazi? Angekuwa anaimba kama siyo wewe."

Ndivyo nilivyomjibu mama yangu. Nilisuuza chupa mara moja zaidi, kwa ukaidi tu, kisha nikaweka sikio. Hapakuwa na sauti yoyote. Nikamwita. Nikamwita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, kama nilivyozoea, halafu kwa jina lake mwenyewe ambalo sikuwa nimelitamka tangu tuoane.

Niliinama mdomoni mwa kisima. Jua lilimwangaza nusu. Alikuwa ameegemea mti wa kushukia, amekaa juu ya lundo la tope, kichwa kimeangukia begani, mdomo wazi.

Nilishika mti nishuke. Mguu mmoja ulikuwa tayari ndani nilipovutwa nywele. Kweli, nywele. Mama alikuwa ametoka nyuma ya ukuta, mtoto amemlaza kwenye jamvi, akanishika nywele zangu kwa mikono miwili na kunitupa chini.

"Ukishuka, nazika wawili!" alisema. "Una mtoto wa kunyonya. Lete maji."

Kabla sijazaliwa baba yangu alichimba dhahabu upande wa Geita, kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, na mama alikuwa akiwapikia. Aliwahi kuona watu watatu wakifa katika duara moja: wa kwanza aliishiwa hewa, wa pili alimfuata, wa tatu akawafuata. Hadithi hiyo niliijua tangu utoto. Siku ile ndipo nilipofahamu kwamba yeye hakuisimulia kama hadithi.

Bibi mwenye nyumba alikuwa ametoka kwa kelele zangu, kitambaa cha swala bado kichwani. Mama akawa anaamuru kama akida. Bibi akaleta ndoo mbili za maji, maji ya kunywa ya siku nzima, mama akayamwaga pembeni mwa kisima, taratibu, yateremke ukutani yakisukuma hewa. Akanituma nikavunje matawi ya mwarobaini uliokuwa uani. Nikayavunja kwa mikono, nikayafunga kwenye kamba. Tukawa tunayashusha na kuyapandisha, kuyashusha na kuyapandisha, kama mtu anayetwanga, ili hewa ya juu iingie na ya chini itoke. Nilipopunguza kasi, mama akanipiga kofi la mgongo, akasema twanga.

Akawasha koroboi akaishusha. Ilipofika usawa wa kifua cha mume wangu, ikazimika. Tukatwanga tena. Nilikuwa nikihesabu pumzi zangu mwenyewe na kuwaza kwamba yeye hana hata moja. Bibi alikuwa akisoma dua kwa sauti. Mtoto alilia kwenye jamvi na hakuna aliyemgeukia. Mama akashusha koroboi mara ya pili. Ikayumba pale pale kifuani, ikawa ya bluu, lakini haikuzimika.

"Basi," alisema mama.

Akafungua khanga zake zote mbili. Moja akailowesha na kujifunga puani na mdomoni. Ya pili akaitupa kando, kwa kuwa ingemnasa kwenye mti. Akabaki na gagulo la ndani, mikono mitupu, mama yangu, ambaye mkwilima wake hakuwahi kumwona hata kichwa bila kitambaa. Nikasema, mama, nishuke mimi. Akanitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Mimi nimeshazaa," alisema. "Shika kamba."

Akashuka upesi kuliko nilivyotegemea. Alikuwa mwembamba, na miguu yake ilijua ngazi za kuchonga tangu zamani. Alifika nusu, akapanda tena, akavuta hewa kwa nguvu, akashuka mara ya pili mpaka chini na ncha ya kamba. Akainama juu ya mume wangu. Mgongo wake uliziba mwanga, sikuona alichokuwa akifanya, niliona tu viwiko vyake. Nilihisi anachelewa. Nilipiga kelele, mama, mama, upesi. Kamba ikakazwa mkononi mwangu. Alikuwa amempitishia kwapani.

Tukavuta, mimi na bibi. Bibi yule alikuwa na umri wa bibi yangu mzaa mama, na alivuta hadi kitambaa chake cha swala kikaanguka na hakukiokota. Kila tulipopata kipande, nilizungusha kamba kwenye shina la mwarobaini isirudi. Chini mama alikuwa akimsukuma kwa mabega, akipanda ngazi moja, akimkalisha begani, akipanda nyingine. Mtu mzima, mwashi, amelegea. Katikati kamba ilisimama kabisa na nikamsikia mama akikohoa. Nikajua kwamba kama mikono yangu itaachia, nitawapoteza wote wawili kwa mara moja. Nilivuta nikilia kwa sauti, bila aibu. Kichwa chake kikatokea, kisha mabega, tukamburuta juu ya mawe.

Mama akatoka baada yake kwa magoti. Alitapika pembeni. Kisha, kabla hata hajafuta mdomo, akatambaa kwenye khanga yake na kujifunika kichwa mpaka miguu. Mume wangu alikuwa wa kijivu. Nilimpiga kifua, nilimpulizia mdomoni, nilimtukana matusi yote niliyoyajua kwa Kisukuma na kwa Kiswahili mbele ya mjane wa watu. Akavuta pumzi moja yenye mkwaruzo. Baadaye nyingine.

"Anaishi," nikasema.

Mama alikuwa ameshasimama nyuma ya ukuta, mgongo kwetu.

"Asijue," alisema. "Nyote wawili mnasikia? Sema ulishuka wewe. Akijua nilimshika hivi, na nilivyokuwa, hataweza kukaa kwangu wala kwako. Niapieni."

Bibi mwenye nyumba aliapa mara moja, kama mtu aliyeombwa chumvi. Mimi nikaapa pia. Baada ya hapo bibi ndipo akatoka kwenda kuwaita wanaume waliokuwa wakitoka msikitini, wakamchukua mume wangu kwa mkokoteni mpaka hospitali. Walipouliza ilikuwaje, bibi akawaambia: mkewe alishuka.

Kesho yake alfajiri mama alipanda lori la kwenda Kahama na kuendelea kwao. Mume wangu alirudi nyumbani siku ya tatu na kichwa kikimuuma, akakuta jiko halina mtu.

Hapo ndipo sifa zangu zilipoanza. Kila mahali alipokaa, kwenye kahawa, kwenye misiba, kwa wakwe, alisema: mke wangu alinishukia kisimani. Wanawake waliniamkia kwa heshima mpya. Watu walinipisha kwenye foleni. Mwanzoni nilikuwa nikikatiza maneno, nasema ilikuwa kazi ya Mungu, halafu nikazoea, na siku nyingine nilijikuta nikieleza mwenyewe jinsi nilivyojifunga kitambaa puani. Nilikuwa nimevaa ujasiri wa mama yangu nikatembea nao mjini. Najionea haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kazi ya visima tuliiacha. Chupa ya gololi ilikwenda Mwadui, sikutaka kuiona.

Mama hakuja tena nyumbani kwangu. Miaka minne. Nilikwenda Masumbwe kumwona, nikamsihi. Nikamwambia mkwilima wako hajui lolote, anakuulizia kila siku. Akasema, "Mimi najua. Nitapitaje mbele yake?" Nikazaa mtoto wa nne bila mama. Kila alipopita mtu wa kutoka kwao, mama alimpa asali aniletee, na salamu, kwanza za kumpa mume wangu ndipo zangu. Na mume wangu alirudisha salamu, amegeukia ukuta, hata kama aliyezibeba alikuwa dereva wa lori tu.

Mwaka wa nne mama akafariki kwa homa, ghafla. Tulifika usiku umekwisha, akazikwa mchana. Mume wangu alikaa msibani siku zote na wanaume, alibeba mawe ya kaburi. Mimi sikulia. Watu walinong'ona kwamba nina roho ngumu. Nilikuwa na kiapo kooni na hakikuacha nafasi ya kitu kingine.

Siku ya kuondoka tulitembea wawili tu kuelekea barabara kuu kungoja gari. Njia ilikuwa ya vumbi, mashamba ya pamba yamevunwa pande zote. Nikasimama. Nikamwambia sikushuka mimi. Nilimwambia yote, matawi, koroboi, gagulo, khanga, kwa sauti ya ugomvi kana kwamba yeye ndiye mwenye makosa.

Aliweka chini mzigo wetu.

"Nilijua," alisema.

Sikumwelewa. Akasema alifumbua macho kule chini, kidogo tu. Alimwona. Akayafumba tena, ili mama asijue kwamba ameonekana.

"Miaka minne!" nikasema. "Unanisifu mbele za watu, na unajua?"

"Ningefanyaje? Nikiacha kukusifu, wangeuliza ni nani. Nikimshukuru, angejua nilimwona."

Nilitaka kumpiga. Nilimwambia mama amekufa akiogopa kuja kwangu kwa ajili ya macho yake, na yeye alikuwa na neno la kusema akalificha. Hasira iliponipungukia nikamwuliza kitu kimoja, kwa sababu mimi nilikuwa juu na sikusikia. Nilimwuliza kama mama alisema lolote kule chini, katika ule muda aliochelewa, mimi nikimpigia kelele afanye upesi.

"Aliniomba radhi," alisema. "Alitoa ile khanga mdomoni, akasema, nisamehe baba, nakugusa. Ndipo akanishika."

Nikakaa chini pale pale njiani, na nguo zangu za msiba, nikamlilia mama yangu.